Makato ya zimamoto hayakosi, mchango wa jiji ndio hukosa

Septemba 2009 mji mdogo wa Prichard, katika jimbo la Alabama nchini Marekani, uliacha kuwalipa pensheni wastaafu wake wapatao 150. Mfuko ulikuwa umekauka. Miongoni mwa wastaafu hao walikuwamo askari wa zimamoto waliotumikia mji miaka na miaka. Mmoja wao alirudi kazini uzeeni, safari hii kama mlinzi kwenye jengo la maduka, ili nyumba yake isichukuliwe na benki. Mwingine alikutwa amekufa nyumbani kwake, na wenzake wakasema nyumba ile haikuwa na umeme wala maji.

Kinachouma zaidi ni kwamba hakuna aliyeshtukizwa. Mwaka 2004 mtaalamu wa takwimu bima, anayekokotoa kama fedha za mfuko zitatosha miaka ijayo, alikwishauonya mji kwamba fedha za mfuko zitaisha kufikia kiangazi cha 2009. Kiangazi cha 2009 zikaisha. Sheria ya jimbo ilitaka wastaafu walipwe mafao yao yote. Mji uliivunja mchana kweupe, na Oktoba mwaka huohuo ukaomba kinga ya mufilisi kwa mara ya pili katika miaka kumi.

Watu wakisikia habari za namna hii hukimbilia kuuliza kama pensheni za zimamoto si kubwa mno. Swali hilo ni halali na nitalifikia, lakini lipo linalolitangulia: fedha ya nani inaingia kwenye mfuko kwa lazima, na ya nani inaingia mwenyewe akipenda? Mchango wa askari hukatwa kabla mshahara haujamfikia mkononi. Mchango wa jiji hupita kwenye bajeti, na kwenye bajeti mstaafu wa miaka ishirini ijayo hushindwa kila mwaka na barabara yenye mashimo leo. Mengi ya maafa ya mifuko hii yameanzia hapo.

Marekani haina jeshi moja la zimamoto la taifa. Kila mji una kikosi chake, na mara nyingi una mfuko wake wa pensheni pia. Illinois peke yake, ukiiweka kando Chicago, ilikuwa na mifuko takriban 650 ya polisi na zimamoto, mingine ya miji midogo sana, kila mmoja ukiwa na bodi yake na washauri wake wa kulipwa, mpaka sheria ya Desemba 2019 ilipounganisha uwekezaji wao katika mifuko miwili, mmoja wa polisi na mmoja wa zimamoto.

Fedha huingia kwa njia tatu. Ya kwanza ni makato ya askari: asilimia 9.455 ya mshahara katika miji ya Illinois nje ya Chicago, asilimia 9.125 Chicago kwenyewe, asilimia 13.5 Dallas tangu 2017. Msomaji wa Tanzania, ambako mtumishi wa umma hukatwa asilimia 5 na mwajiri huweka 15, ataona mara moja kwamba askari hawa hawapewi pensheni bure. Ya pili ni mchango wa jiji, ambao hutoka hasa kwenye kodi ya majengo na mapato mengine ya mji. Ya tatu ni faida ya uwekezaji, na katika mfuko uliotunzwa vizuri hiyo ndiyo hubeba sehemu kubwa ya malipo. Ndiyo maana dola iliyochelewa kuwekwa miaka ishirini iliyopita ni hasara kubwa kuliko dola moja: ilikosa miaka ishirini ya kuzaa.

Mafao hukokotolewa kwa kuzidisha miaka ya utumishi, asilimia iliyowekwa na sheria, na wastani wa mshahara wa miaka ya mwisho. Tuseme wastani huo ni dola 80,000, miaka ni 30, na kila mwaka una asilimia 2.5. Inakuja asilimia 75, yaani dola 60,000 kwa mwaka hadi kifo, na kwa kawaida mjane hubaki na sehemu yake. Si fedha ndogo. Lakini hapa wakosoaji wengi huruka jambo la msingi: askari wa zimamoto katika miji mingi, wa Dallas na wa Chicago wakiwamo, hawamo katika mfumo wa taifa wa hifadhi ya jamii kupitia kazi hiyo. Karani wa dukani akistaafu ana malipo ya taifa, hata kama kampuni yake ilikufa zamani. Zimamoto wa Dallas anategemea mfuko wa Dallas. Ukikauka, hana pa kuegemea.

Na hustaafu mapema kwa sababu mwili una mwisho wake. Mwaka 2022 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka kazi ya zimamoto katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, kundi lenye ushahidi wa kutosha kwa binadamu. Sumu za plastiki na magodoro yanayoungua hupita kwenye ngozi hata pale mtungi wa hewa unapolinda mapafu. Hakuna meya mwenye akili atakayetaka mtu wa miaka 64 apande ngazi ya ghorofa ya nane akiwa na mpira wa maji begani.

Turudi kwenye mchango wa jiji, maana hapo ndipo penye kesi. Mchango huo una sehemu mbili. Moja ni gharama ya mafao yanayochumwa na askari walio kazini mwaka huu. Nyingine ni kulipia pengo la miaka iliyopita, mafao yaliyokwisha kuahidiwa bila fedha kuwekwa. Ni sawa na mpangaji anayetakiwa kulipa kodi ya mwezi huu pamoja na malimbikizo ya miezi aliyopitisha. Askari analipia ile ya kwanza pamoja na jiji. Malimbikizo, kwa haki, ni ya aliyepitisha miezi.

Ukubwa wa pengo unategemea pia jambo ambalo wananchi hawalioni: makisio ya faida ya uwekezaji. Bodi ikikisia kwamba mfuko utapata asilimia 8 kila mwaka, mchango unaodaiwa leo unapungua na wanasiasa wanapumua. Ikishusha makisio hadi 7, pengo linavimba kwenye karatasi ingawa hakuna mtu aliyechukua kitu. Mifuko mingi ilikaa na hiyo 8 kwa miaka mingi, na sasa mingi iko karibu na 7. Kila nusu asilimia iliyoshushwa ilikuwa ni kukiri, kwa kuchelewa, kwamba kizazi kilichopita kililipa pungufu.

Chicago ilikuwa na utaratibu wake wa ajabu. Kwa miaka mingi sheria haikuuliza mfuko wa zimamoto unahitaji kiasi gani. Iliamuru tu kwamba jiji lichangie mara 2.26 ya kile walichochangia askari wenyewe miaka miwili nyuma. Masoko yakianguka, wastaafu wakiishi zaidi, mafao yakiongezwa na bunge la jimbo, ile 2.26 ilibaki palepale. Jiji lingeweza kulipa kila senti iliyotakiwa na sheria na bado pengo likakua kila mwaka. Kwa hiyo hakuna meya wa Chicago aliyepaswa kusimama mbele ya wapiga kura na kusema leo tumeamua kutolipa. Sheria iliwapunguzia hata aibu.

Bunge la Illinois lilikuja kubadilisha mambo mwaka 2010, likataka mifuko ya polisi na zimamoto ifikie asilimia 90 ya fedha zinazohitajika ifikapo 2040, na Chicago ianze kulipa kwa hesabu halisi tangu 2015. Mwaka huo baraza la jiji chini ya Meya Rahm Emanuel lilipandisha kodi ya majengo kwa dola milioni 543, ikiingia kwa awamu ya miaka minne, kwa ajili ya mifuko hiyo miwili. Wenye nyumba walilia, na walikuwa na haki ya kulia, kwa kuwa walikuwa wakilipia huduma iliyotolewa kwa watu waliokwisha kuhama au kufa. Mwaka 2016 bunge likasogeza mwisho wa safari hadi 2055, likipindua kura ya turufu ya gavana. Mfuko wa zimamoto wa Chicago umeendelea kuelea karibu na asilimia 20 tu ya kile unachodaiwa. Kijana anayeingia kikosini leo akiwa na miaka 25 atakuwa amekaribia kustaafu 2055 itakapofika.

Mtu anaweza kusema Chicago ni Chicago, jiji lenye siasa zake. Nampeleka Houston, kwa sababu sijaona ushahidi mwingine ulio wazi kama ule.

Houston ina mifuko mitatu: wa zimamoto, wa polisi, na wa watumishi wengine wa jiji. Jiji ni lilelile na walipa kodi ni walewale. Masoko yaliwanyanyua na kuwaangusha kwa pamoja. Tofauti ilikuwa kwamba mfuko wa zimamoto ulilindwa na sheria ya jimbo la Texas iliyolitaka jiji lilipe kiwango kinachotoka kwenye tathmini ya wataalamu, na kiwango hicho kisishuke chini ya mara mbili ya makato ya askari. Meya hakuwa na la kujadili. Kwa mifuko mingine miwili jiji lilikaa mezani na vyama vya wafanyakazi tangu 2004, na kilichotoka mezani humo ni jiji kulipa chini ya kile wataalamu walichosema kinahitajika, mwaka baada ya mwaka, kila upande ukiridhika kwa sababu zake.

Mwaka 2017 bili ilifika. Meya Sylvester Turner alipitisha mageuzi katika bunge la jimbo, na Novemba mwaka huo wapiga kura wakaidhinisha hatifungani, yaani mkopo wa jiji kutoka kwa wawekezaji, za dola bilioni 1: milioni 750 kwa mfuko wa polisi na 250 kwa watumishi wengine. Mfuko wa zimamoto haukupata kitu kwenye hatifungani hizo kwa sababu jiji halikuwa na malimbikizo ya namna ile kwake. Lilikuwa limelazimishwa kulipa. Hata hivyo askari wa zimamoto nao walikatwa. Makato yao yalipanda kutoka asilimia 9 hadi 10.5, nyongeza za kila mwaka za wastaafu zikapunguzwa, na mfuko wao ukaenda mahakamani kupinga mageuzi hayo. Naelewa hasira yao. Waliadhibiwa kwa kosa ambalo kwao halikutendeka, kwa sababu tu jiji lilihitaji unafuu.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema pensheni ya mafao ya uhakika haiwezekani tena duniani. Houston inaonyesha inawezekana pale mlipaji wa pili anapobanwa kama anavyobanwa wa kwanza.

Kubana nako kuna wakati wake. Harvey ni mji wa viunga vya kusini mwa Chicago, masikini, uliokimbiwa na viwanda. Kwa miaka mingi ulichangia kidogo sana katika mifuko ya polisi na zimamoto wake. Mfuko wa zimamoto ulikwenda mahakamani na ukashinda. Illinois ilikuwa tayari na sheria inayoruhusu mfuko usiolipwa kumwomba mdhibiti wa fedha wa jimbo azuie mgawo wa kodi wa mji na kuupeleka mfukoni. Mwaka 2018, kwa madai ya mfuko wa polisi, zaidi ya dola milioni 1 za Harvey zilizuiliwa. Mji ukasema hauna namna, ukapunguza kazini makumi ya polisi na zimamoto. Askari aliye kazini alifukuzwa ili aliyestaafu alipwe, na walipopungua walio kazini, wachangiaji wa mfuko nao wakapungua.

Wapo waliosoma kisa hicho wakahitimisha kwamba sheria ile ni katili na ifutwe. Mimi nahitimisha kwamba ingekuwapo miaka thelathini kabla, isingehitajika kutumika. Mji unaojua kwamba dola itakatwa juu kwa juu mwezi huohuo haufiki kudaiwa mamilioni. Ukatili wa Harvey ulitokana na kuchelewa.

Sasa nije kwenye lile swali la ukubwa, na hapa sitawatetea zimamoto kwa kila kitu. Dallas inanizuia.

Mfuko wa polisi na zimamoto wa Dallas ulianzisha mwaka 1993 mpango wa kuwabakiza kazini askari waliotimiza sifa za kustaafu. Askari aliendelea kufanya kazi na kupokea mshahara, huku pensheni yake ikiingia kwenye akaunti maalumu ndani ya mfuko. Kwa fikra ya mwanzo si mpango mbaya, kwa kuwa jiji linabaki na watu wenye uzoefu. Ubaya ulikuwa kwenye riba. Akaunti hizo zilihakikishiwa riba isiyopungua asilimia 8, masoko yakipanda au yakishuka. Baada ya 2008, wakati hatifungani nyingi za serikali ya Marekani hazikufika hata nusu ya hiyo, mfuko ulikuwa ukijidai wenyewe riba ambayo haukuipata popote. Mamia ya akaunti zilivuka dola milioni moja kila moja.

Ili kuikimbiza riba hiyo, bodi, ambayo wajumbe wake wengi walichaguliwa na wanachama wenyewe, iliingiza fedha kwenye ardhi na majengo: mnara wa makazi ya kifahari katikati ya Dallas, nyumba za starehe Hawaii, mashamba ya mizabibu California, ardhi tupu Arizona. Thamani ilipopimwa upya, mamia ya milioni yalikuwa yameyeyuka. Nusu ya pili ya 2016 habari zikaenea vituoni, na wenye akaunti wakakimbilia kutoa. Zaidi ya dola milioni 500 zilitoka katika miezi michache. Wa kwanza walichukua zote. Askari kijana ambaye hakuwa na akaunti alibaki akiangalia mfuko wake ukipungua kila wiki. Desemba Meya Mike Rawlings alikwenda mahakamani kuzuia utoaji, na bodi ikafunga mlango. Jiji lilikuwa limeombwa lichangie dola bilioni 1.1 kwa mkupuo, na meya alionya kwamba Dallas inakaribia kufilisika.

Bunge la Texas lilipitisha sheria ya uokoaji mwaka 2017. Askari sasa anakatwa asilimia 13.5. Jiji likawekewa asilimia 34.5 ya mishahara. Umri wa kustaafu ukapandishwa hadi 58, asilimia ya kila mwaka wa utumishi ikashushwa kutoka 3 hadi 2.5 kwa utumishi wa baadaye, na nyongeza za kufidia mfumuko wa bei zikasimamishwa hadi mfuko ufikie asilimia 70 ya kile unachodaiwa. Akaunti maalumu ziligeuzwa kuwa malipo ya kidogo kidogo kwa miaka anayokadiriwa mwenye akaunti kuishi, na Mahakama ya Juu ya Texas iliridhia hilo mwaka 2020. Bodi mpya ina wajumbe 11, sita wakiteuliwa na meya.

Nimekaa sana Dallas kwa sababu inavuruga hadithi rahisi za pande zote mbili. Vyama vya askari vilitetea riba isiyo na msingi, na wajumbe waliochaguliwa na wanachama walinunua minara. Lakini jiji nalo lilikuwa na viti vinne kwenye bodi hiyo, na lilikuwa na sababu ya kunyamaza: mpango ule uliliwezesha kuwabakiza askari bila kuwapandishia mishahara. Kila meya aliyepita angeweza kusema askari wetu wanalipwa kidogo kuliko wa miji ya jirani ila pensheni yao ni nzuri, na kila mtu mezani alijua nani ataletewa bili. Ahadi ya baadaye ndiyo fedha rahisi kuliko zote kwa mwanasiasa. Kipindi chake kinaisha kabla haijaiva.

Pengo likikosa wa kulilipa, hulipwa na mstaafu. Central Falls, mji mdogo kabisa wa Rhode Island, ulifilisika Agosti 2011. Mwezi mmoja kabla, bunge la jimbo lilikuwa limepitisha sheria inayowaweka mbele wenye hatifungani za miji. Wakopeshaji walilipwa kikamilifu. Polisi na zimamoto waliostaafu walipunguziwa pensheni, wengine kwa kiasi kilichofika asilimia 55, kisha jimbo likaingia kuwafidia ili wasishuke chini ya asilimia 75 ya walichokuwa wakipata. Mwekezaji anaweza kugawanya fedha zake katika miji mia moja. Mzee wa miaka 70 aliyetumikia mji mmoja hana miji mingine tisini na tisa. Naona sheria ile iliwapanga watu kinyume.

Detroit ilikwenda kwa namna tofauti. Baada ya kufilisika Julai 2013, jaji aliamua kwamba pensheni zinaweza kukatwa licha ya katiba ya Michigan kuzilinda. Watumishi wa kawaida walipoteza asilimia 4.5 ya pensheni yao pamoja na nyongeza za kila mwaka. Polisi na zimamoto, ambao mfuko wao ulikuwa na hali nzuri zaidi, hawakukatwa pensheni yenyewe, ila zaidi ya nusu ya nyongeza zao ziliondoka. Jiji lilipewa karibu miaka kumi ya kupumzika kuchangia, na hapa Detroit ilifanya jambo ambalo nalisifu kwa moyo wote: halikusubiri mapumziko yaishe. Tangu 2017 lilianza kuweka fedha kwenye mfuko maalumu wa kuwalinda wastaafu, mwaka hadi mwaka, na malipo ya kawaida yaliporudi 2023 hayakuivunja bajeti.

Florida ina kitu kingine ambacho nashangaa hakijaigwa zaidi. Huko kila mwenye nyumba au biashara anapolipa bima ya mali, asilimia 1.85 ya ada hukusanywa kama kodi na kupelekwa kwenye mfuko wa pensheni ya zimamoto wa mji husika, ili mradi mfuko huo unatimiza masharti ya jimbo. Mantiki yake ni safi. Anayefaidika wa kwanza moto unapozimwa mapema, baada ya mwenye nyumba, ni kampuni ya bima. Fedha hiyo haipiti kwenye mabishano ya baraza la mji, hivyo haiwezi kuahirishwa. Peke yake haitoshi kubeba pensheni yote, lakini ni mchango usio na hiari ndani yake.

Na kwetu? Tanzania ilitoka kabisa kwenye mfumo wa miji. Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya 2007 iliviondoa vikosi mikononi mwa halmashauri na kuviweka chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Askari wetu leo yumo PSSSF, mfuko wa taifa wa pensheni za watumishi wa umma, pamoja na walimu na wauguzi, kwa hiyo hakuna mji unaoweza kumfilisi. Hatari imehamia juu. Kabla ya Julai 1999 watumishi wa serikali kuu hawakuwa wakichangia, lakini mafao ya miaka hiyo yaliangukia PSPF, mfuko uliotangulia PSSSF, na deni la kabla ya 1999 likakaa miaka zaidi ya ishirini mpaka serikali ilipotoa hatifungani maalumu ya shilingi trilioni 2.17 mwaka 2021. Katikati ya hapo ndipo tulipoletewa kikokotoo kipya cha mafao cha 2018 na mstaafu akaambiwa mkupuo wake unashuka hadi asilimia 25. Yamesogezwa tangu hapo, lakini wastaafu wanakumbuka nani aliyegongewa mlango kwanza.

Kenya ndiko mfanano na Marekani ulipo. Katiba ya 2010 iliweka huduma za zimamoto kwenye kaunti. Askari wa Nairobi au Mombasa ameajiriwa na kaunti, anakatwa asilimia 12 ya mshahara wa msingi, na kaunti inatakiwa kuweka 15. Madeni ya kaunti kwa mifuko ya pensheni yamefika makumi ya mabilioni ya shilingi, Nairobi ikiongoza, sehemu yake ikiwa imerithiwa kutoka kwa halmashauri za zamani. Tena Kenya imepita hatua ambayo hata Chicago haikuifikia: mara nyingine hata yale makato ya mfanyakazi, yanayoonekana kwenye hati yake ya mshahara kama yamekatwa, hayafiki kwenye mfuko. Huyo askari ameshalipa. Fedha imechukuliwa kwake kwa lazima, ikageuzwa kuwa hiari ya mwajiri.

Dawa ya Illinois haiwezi kunakiliwa moja kwa moja Kenya, kwa kuwa ibara ya 219 ya Katiba inataka mgawo wa kaunti upelekwe bila kucheleweshwa wala kukatwa. Lakini ibara ya 228 inamweka Mdhibiti wa Bajeti mlangoni mwa kila hazina ya kaunti: hakuna fedha inayotoka bila idhini yake. Bunge linaweza kutunga sheria fupi kwamba ombi la fedha za mishahara lisiidhinishwe bila malipo ya pensheni ya mwezi huohuo kuwa ndani yake, makato ya mfanyakazi na mchango wa kaunti pamoja, yakienda moja kwa moja kwenye mfuko bila kupitia akaunti ya kaunti. Malimbikizo ya zamani yapangiwe ratiba ya miaka, yenye riba, ichapishwe kila robo mwaka kwa jina la kaunti. Magavana watapinga, wakisema wanabanwa. Askari wao wanabanwa hivyo kila mwisho wa mwezi.